Sura ya Tatu: Usiyachome Majani

Mbona kwangu hakioti kitu?

Tangu nianze kulima mboga uani kwangu, Dar es Salaam, hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hilo. Naulizwa kwenye daladala nikiwa nimepakata kiroba cha samadi. Naulizwa msibani, tumekaa kwenye majamvi tukisubiri chakula. Maelezo yanayofuata hufanana: mbegu zilinunuliwa dukani, tuta likalimwa vizuri, maji yakamwagwa asubuhi na jioni. Mchicha ukatoka mwembamba kama uzi, ukageuka manjano, na kabla mwezi haujaisha ukatoa maua ukiwa na urefu wa kiganja. "Labda mimi sina mkono wa kupanda," mtu anamalizia kwa unyonge.

Nami huwa namrudishia swali moja: asubuhi ukishafagia uwanja, takataka unazipeleka wapi?

Nazichoma.

Basi tumefika kwenye kiini cha sura hii. Mengi utakayoyasoma humu hayahitaji fedha, au yanahitaji kidogo sana: ndoo iliyopasuka, mtungi uliovunjika mdomo, chandarua kilichochakaa, viroba vya mchele. Lakini ukivikusanya vyote hivyo na bado ukaendelea kuchoma majani kila asubuhi, utakuwa unajaza maji kwenye pakacha.

Moshi wa asubuhi

Unaujua moshi huo. Kumekucha, ufagio wa chelewa umepita kutoka mlangoni hadi kwenye uzio, ardhi imebaki na michirizi safi. Pembeni kuna lundo: majani ya mwembe, maganda ya ndizi, makumbi ya nazi, vijiti, vumbi. Kiberiti kinawashwa.

Sidharau sababu zake. Uwanja uliofagiwa hauna mahali pa nyoka kujificha, na mtoto anayetambaa haokoti nge. Mama zetu walitufundisha kufagia kwa sababu nzuri, na mimi nafagia mpaka leo. Tatizo ni kiberiti.

Fikiria mwembe ulivyolipata jani moja. Mizizi yake imeshuka chini sana, imefyonza maji na madini ambayo mchicha wako, wenye mizizi ya urefu wa mkono, hauwezi kuyafikia. Imeyapandisha juu, imeyaweka kwenye jani, na jani limeanguka miguuni pako bila malipo. Ukilichoma, naitrojeni, yaani kirutubisho kinachoyapa majani ukijani na kimo, inapotea hewani pamoja na moshi. Kaboni, ambayo ndiyo mwili wenyewe wa jani, nayo inapotea. Linabaki jivu lenye chokaa na potasiamu kidogo, na mvua ya kwanza inalisomba. Fanya hivyo kila siku kwa miaka kumi, kisha jiulize ardhi imebaki na nini.

Sasa nenda msitu wa Pugu, si mbali na mjini. Hakuna mtu aliyepeleka mbolea kule, na miti imesimama. Majani yanaanguka, yanaoza, yanarudi. Au panda Kilimanjaro uangalie kihamba cha Wachaga: miti mirefu juu, migomba chini yake, kisha kahawa, na magimbi chini kabisa. Majani na vigogo vya migomba vinakwenda kwa ng'ombe zizini, na samadi inarudi kwenye migomba. Kwa vizazi vingi mlima ule umelisha watu wengi kwenye vipande vidogo vya ardhi, na mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Ndani ya kihamba hakuna takataka. Kila kinachoanguka kina pa kwenda.

Uani kwako ni kihamba kidogo kilichokatizwa njia. Kazi yetu ni kuifungua.

Ijue ardhi yako kwa chupa moja

Kabla ya kutumia nguvu, ijue ardhi uliyonayo. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5 inayoonyesha ndani. Jaza udongo mpaka theluthi yake, uliouchimbua kina cha kiganja, si wa juu juu. Ongeza maji mpaka karibu na shingo, tia kijiko kimoja cha sabuni ya unga ili chembe ziachane, funga, tikisa kwa nguvu dakika tatu au nne. Iweke mahali ambapo watoto hawataigusa.

Ndani ya dakika moja mchanga utakuwa umetua chini. Baada ya saa mbili hivi, tope laini litakuwa limekaa juu yake. Udongo wa mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo mno kuonekana kwa macho, huchukua siku nzima au zaidi, na maji yanaweza kubaki na ukungu. Angalia unene wa kila tabaka. Mchanga ukiwa karibu udongo wote uliotua, maji yako yanapita kama kwenye chujio, na mbolea yanaondoka nayo. Mfinyanzi ukizidi, kama ule udongo mweusi wa mbugani unaopasuka kiangazi, maji yanatuama na mizizi inakosa hewa.

Halafu angalia juu. Pale juu ya maji huelea vipande vyeusi vya majani na mizizi iliyooza. Ndiyo mabaki ya viumbe, na ndiyo yanayoshika maji na chakula cha mmea. Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili kwa udongo wa uani kwangu, juu palielea vipande viwili vya nyasi, basi. Chini, mchanga mweupe. Nilielewa kwa nini mchicha wangu ulikuwa unanifia.

Jambo la kutia moyo ni kwamba dawa ya mchanga na dawa ya mfinyanzi ni moja. Mboji huufanya mchanga ushike maji, na hiyo hiyo huulegeza mfinyanzi upitishe hewa.

Mboji: kupika bila moto

Mboji ni takataka za mimea zilizooza mpaka zikawa udongo mweusi, mwepesi, unaonukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Wanaoipika ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, wakisaidiwa na minyoo na wadudu wadogo. Wewe kazi yako ni kuwapa chakula, maji na hewa.

Chakula chao kina pande mbili. Upande wa kijani ni vitu vibichi vyenye naitrojeni nyingi: maganda ya ndizi na viazi, mboga zilizochakaa, majani mabichi, samadi. Upande wa kahawia ni vitu vikavu vyenye kaboni nyingi: majani makavu, mabua, pumba za mpunga, maboksi yaliyochanwachanwa. Kwa kila ndoo moja ya kijani, weka ndoo mbili au tatu za kahawia. Hapo ndipo lundo lako la asubuhi linapopata thamani, maana takataka za jikoni kila nyumba inazo, lakini kahawia ndiyo tunayoichoma.

Chombo ni chochote. Wenye nafasi wanaweza kurundika tu kwenye kona yenye kivuli, lundo la mita 1 kila upande. Wenye uwanja finyu watoboe ndoo kuukuu ya lita 20 kwa msumari uliopashwa moto, matundu kumi na tano au ishirini pembeni na chini, waiweke juu ya matofali mawili. Mimi natumia mbao za chaga zilizotupwa na duka la jirani, nimezifunga kwa waya zikawa boksi lisilo na kitako.

Panga tabaka kwa tabaka, anza na vijiti ili hewa ipite chini. Kila ukimwaga maganda ya jikoni, yafunike kwa majani makavu. Ukifunika, huna nzi. Usitie nyama, samaki, mifupa wala mafuta, kwa sababu panya hawahitaji mwaliko wa pili. Machicha ya nazi yanafaa, lakini yafukie katikati.

Maji yawe kiasi gani? Chukua konzi moja ulikamue. Yakidondoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, yamezidi. Mkono ukibaki mkavu, nyunyiza.

Kwa lundo kubwa kuna kipimo cha fimbo, ambacho wakulima wengi wanakitumia na hakina gharama. Chomeka fimbo kavu mpaka katikati ya lundo uiache. Baada ya siku nne au tano ichomoe, uishike. Fimbo ikiwa ya moto, lundo linapika. Ndani linaweza kufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, joto linaloua mbegu nyingi za magugu. Ikitoka baridi na kavu, lundo lina kiu. Ikitoka baridi, imeloa na inanuka kama yai viza, hewa imekwisha: ligeuze, ongeza makavu. Lundo langu la kwanza lilinuka hivyo wiki nzima, maana nilikuwa natia maganda ya jikoni peke yake. Nilipochanganya viroba viwili vya majani makavu, harufu ilikata ndani ya siku tatu.

Ligeuze kila baada ya wiki mbili, ya juu iende chini. Lundo kubwa linalogeuzwa hutoa mboji ndani ya miezi miwili au mitatu. La ndoo halipati joto la kutosha, huchukua miezi minne au mitano, lakini linafika. Majani ya mwembe na mkorosho ni magumu, yakanyage au yakatekate kwanza. Utajua imeiva pale ambapo huwezi tena kutambua kilichokuwa ganda na kilichokuwa jani.

Kwa ufupi:
- Kijani ndoo 1, kahawia ndoo 2 au 3.
- Unyevu kama wa nguo iliyokamuliwa.
- Harufu mbaya maana yake maji mengi na hewa kidogo.
- Sisimizi wakijenga humo, pamekauka mno.

Neno moja kuhusu samadi, yaani kinyesi cha mifugo. Ya ng'ombe iliyokaa mpaka ikawa kama udongo unaweza kuitia moja kwa moja. Ya kuku usiitie mbichi hata kidogo. Ina naitrojeni kali, nami nilishawahi kuunguza tuta zima la spinachi nikidhani naliharakisha. Irundike pamoja na pumba au majani, iloweshe, iache angalau miezi miwili.

Matandazo: nguo ya ardhi

Mboji inachukua muda. Matandazo yanaanza kazi leo hii. Ni tabaka la majani makavu, nyasi au makumbi unalolitandaza juu ya udongo kuzunguka mimea, unene wa vidole vinne hivi, ukiacha nafasi ndogo shinani ili shina lisioze.

Weka kiganja chako saa saba mchana juu ya mchanga ulio wazi, kisha kiweke chini ya majani makavu hatua moja pembeni. Hutahitaji maelezo mengine. Udongo uliovikwa haupikwi na jua, matone ya mvua hayaupigi ukawa mgumu, magugu yanakosa mwanga, na maji ya asubuhi yanakutwa jioni. Mimi nilikuwa namwagilia mara mbili kwa siku. Baada ya kutandaza, matuta ya bamia na nyanya chungu nayamwagilia kila baada ya siku mbili. Na tandazo lenyewe huoza polepole kutoka chini, likawa mboji mahali pake.

Watu wa pwani tuna hazina isiyopewa heshima yake: makumbi ya nazi. Nyuzi zake hunywa maji na kuyaachia taratibu. Yachambue uyatandaze, au yapange chini ya tuta na chini ya viroba kabla ya kutia udongo. Wa Mbeya watatumia mabua ya mahindi, wa Kyela na Morogoro pumba za mpunga, wa Bukoba majani ya migomba. Chukua kinachotupwa pale ulipo.

Mtungi uliofukiwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika yote niliyojaribu uani kwangu, hili ndilo lililonishangaza.

Kumbuka mtungi wa maji ya kunywa wa bibi. Ulikaa kwenye kona yenye kivuli, juu ya kata ya majani, na ubavu wake ulikuwa na unyevu siku zote. Maji yake yalikuwa baridi kwa sababu mtungi ulikuwa unatoka jasho. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno, maji hupenya mpaka nje, hupeperushwa na hewa, na yanapoondoka huondoka na joto.

Mtungi huo ukiuzika ardhini mpaka shingoni, jasho lake halina hewa ya kulipeperusha. Linaingia kwenye udongo. Udongo ukiwa mkavu, unayavuta maji haraka. Ukishalowa, unaacha kuyavuta na mtungi unatulia. Yaani mmea ndio unaoamua kiasi chake, nao unakunywa hata usipokuwepo nyumbani. Maarifa haya si mapya. Nchini China kitabu cha kilimo cha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, cha Fan Shengzhi, kimeeleza jinsi ya kufukia mitungi ya maji katikati ya mimea.

Tafuta mtungi au chungu cha lita 3 hadi 5 kisichopakwa rangi wala kung'arishwa. Wafinyanzi huuza kwa bei nafuu vile vyenye kasoro ya sura, na mtungi uliovunjika mdomo unafaa kama mzima. Ujaribu kwanza: ujaze maji, uache usiku kucha. Asubuhi ubavu ukiwa na unyevunyevu, ni mzuri. Ukichuruzika, una ufa. Ukiwa mkavu kabisa, hautakusaidia.

Chimba shimo, changanya udongo uliotoka na mboji, uzike mtungi ukiacha shingo nje kiasi cha vidole vitatu. Jaza maji, funika kwa kigae au kifuu kilicholemewa na jiwe, ili mbu wasiingie na maji yasipotee kwa jua. Panda kuuzunguka, mmea usiwe mbali zaidi ya sentimita 30. Nyanya, bamia, pilipili, matango na maboga hupenda mno mtindo huu. Mbegu zilizopandwa karibuni bado zinahitaji kunyunyiziwa kwa wiki mbili hivi, mpaka mizizi ifike. Baada ya hapo kazi yako ni kuchungulia kila siku mbili au tatu na kujaza.

Ukikosa mtungi, chupa ya plastiki inasaidia. Toboa kifuniko tundu moja au mawili kwa sindano, kifunge kitambaa chembamba ili mchanga usizibe, kata kitako, izike kichwa chini. Inamaliza maji kwa saa chache, mtungi kwa siku kadhaa. Haifanani nao, lakini ni bora kuliko kumwaga maji juu ya mchanga na kuyaaga.

Maji ya paa na maji ya jikoni

Bili ya maji au bei ya dumu inawakatisha wengi tamaa. Hebu tupige hesabu ndogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1. Banda la jiko la mita 4 kwa 6 lina mita 24 za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo masika huweza kuimwaga kabla hujamaliza kuanua nguo, italishushia banda hilo lita 240. Toa zinazorukia pembeni, bado unajaza pipa la lita 200. Kwa banda la jiko tu, na mvua moja.

Mfereji si lazima ununuliwe. Bomba la plastiki lililopasuliwa katikati kwa msumeno linatosha, au bati chakavu lililokunjwa, au mwanzi uliotobolewa vifundo. Maji ya dakika za mwanzo yaache yapite, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Halafu funika pipa, na hili nalisema kwa uzito. Dar es Salaam imewahi kuuguza watu wengi kwa homa ya dengi, mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya mapipa, makopo na matairi yaliyozagaa majumbani. Yai laweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Chandarua kilichochakaa kikikunjwa mara mbili na kufungwa mdomoni mwa pipa kwa mpira wa baiskeli kinatosha. Kila chombo cha bustani kiwe na matundu chini, au kifunikwe, au kilazwe kifudifudi.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yapeleke kwenye matuta moja kwa moja. Ya kufulia na kuogea umwagie mgomba au mpapai. Usiyamwage kwenye mboga za majani, hasa yakiwa na dawa ya kung'arisha nguo. Na usilime mboga karibu na shimo la maji machafu, hata kama ndipo panapoonekana pamestawi kuliko kote.

Kama uwanja wako ni saruji tupu

Wapangaji wengi hawana hata kipande cha kuchimba. Wana varanda, ngazi, au ukuta. Kwao kiroba ndicho shamba, na wakazi wa Kibera kule Nairobi wameonyesha kwamba kiroba kimoja kinaweza kubeba mboga za familia kwa wiki nyingi.

Tafuta kiroba kigumu cha kilo 50, kunja mdomo wake nje mara mbili usimame. Changanya udongo ndoo mbili kwa mboji au samadi iliyooza ndoo moja. Sasa chukua kopo kubwa lisilo na kitako wala kifuniko, lisimamishe katikati, lijaze kokoto, kisha mwaga udongo kulizunguka. Udongo ukifika juu ya kopo, livute taratibu, kokoto zibaki. Rudia mpaka kiroba kijae. Umepata nguzo ya mawe katikati, na maji yakimwagwa juu yatafika mpaka chini badala ya kuishia juu tu. Bila nguzo hiyo, mimea ya chini hufa kwa kiu huku ya juu ikioza. Wengi wamekata tamaa na viroba kwa sababu hiyo tu.

Toboa pembeni matundu ya kuingia vidole viwili, yaachane sentimita 15 hadi 20, yasipangane mstari mmoja. Pandikiza matembele, sukuma wiki au chainizi pembeni. Juu weka nyanya au bilinganya. Kiangalie kiroba pia: jua hukila, na baada ya msimu mmoja au miwili huanza kumegeka. Kibadilishe kabla hakijawa vumbi la plastiki kwenye udongo wako.

Kuhusu mwanga, mboga za majani zitakuvumilia kwa saa nne za jua. Nyanya na bamia zinadai sita au zaidi. Matairi ya gari nayapenda kwa maua na uzuri wake uani, ila mboga sizipandi humo, kwa sababu mpira wa tairi una zinki na kemikali nyingine ambazo sioni haja ya kuzikaribisha kwenye chakula cha watoto.

Wadudu na kuku

Hapa nitapita haraka. Mmea ulioshiba unahimili wadudu wengi. Wakizidi, twanga kilo 1 ya majani mabichi ya mwarobaini, loweka usiku kucha katika lita 5 za maji, chuja kwa kitambaa, tia kipande kidogo cha sabuni ya kufulia iliyoyeyushwa ili dawa igande kwenye majani. Nyunyiza jioni, maana jua huiua nguvu yake, na urudie baada ya siku tano hadi saba. Vidukari vichache unaviua kwa vidole. Kuku wa jirani wanazuiwa kwa wavu. Ukiwa karibu na wavuvi, omba wavu uliokwisha kazi.

Yasiyofaa kukuchosha

Watu huniletea maganda ya mayai kwa kilo. Yatie kwenye mboji, hayana ubaya, ila yanaoza taratibu sana na hayatibu nyanya zinazooza kitako. Ugonjwa ule husababishwa zaidi na kumwagilia kwa mafuriko leo na kusahau siku tatu. Mmea unashindwa kuifikisha kalisi kwenye tunda. Dawa ni maji ya kiasi, kila wakati, na matandazo. Mtungi pia.

Jivu la kuni au mkaa ni zuri kwa konzi moja kwa mita ya mraba kwa msimu. Likizidi, udongo unakuwa na chumvichumvi na mimea inashindwa kula. Jivu la lundo lililochomwa na plastiki ndani yake lisiguse mboga kabisa.

Mbegu

Anza na mchicha na matembele. Mchicha unauvuna ndani ya wiki tatu au nne. Mbegu zake ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzinyunyiza, la sivyo zitaota zimebanana. Kituo cha World Vegetable Center kilichopo Arusha kimesaidia kutoa aina bora kama Madiira, lakini ukishapata aina unayoipenda, acha mashina mawili yaliyo bora yakomae bila kuyachuma. Kichwa kikikauka, kikate, kikung'ute juu ya gazeti, pepeta. Matembele hayana mbegu ya kununua: kata kipande cha mche cha sentimita 30, kizike nusu kikiwa kimelala, mwagilia.

Mimi vipande vyangu vya kwanza nilipewa na mama mmoja mtu mzima, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ana mwembe mkubwa kuliko wote mtaani. Nilimwendea na kiroba mkononi, nikamwamkia, nikamwomba anipe majani yake badala ya kuyachoma. Alinitazama kwa muda. "Majani haya, mwanangu? Chukua tu, utanipunguzia moshi wa macho." Akakata na matembele akaniwekea juu ya kiroba.

Tuliendelea hivyo kwa karibu mwaka. Yeye anafagia, mimi nakuja na viroba viwili, namrudishia mchicha na kopo la mboji kwa ajili ya pilipili zake. Jumamosi moja nikafika kama kawaida, nikapiga hodi. Uwanja ulikuwa umefagiwa, pembeni hapakuwa na lundo wala jivu. Nyuma ya jiko alikuwa ameegemeza ndoo mbili zilizotobolewa matundu, na mtungi wake wa zamani ulikuwa umezikwa mpaka shingoni katikati ya miche ya bamia, umefunikwa kwa kifuu.

"Shikamoo, mama. Nimefuata majani."

"Marahaba," akasema, hakuinua macho kutoka kwenye bamia zake. "Leo huna chako, mwanangu."